Mtoma Aliouvua Babu

Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi kutoka ng'ambo ya mpaka akaniletea mfuko. Ni mfuko mdogo wa kuning'iniza begani, una zipu na shanga, wa kuwauzia watalii. Alidhani nitauvaa niende nao kanisani. Mimi niliupeleka puani.

"Bibi, unaunusa?" akacheka. "Kwani huo ni samaki?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Kaa hapo."

Harufu ilikuwa ileile. Moshi kidogo, udongo uliolowa, na uchachu kama wa utomvu unaokauka kwenye vidole. Nilikaa kitini. Mtu mzima mimi, niliyejenga nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Nyanga kwa kuuza vitambaa, bila mume wa kunishika mkono na bila cheti cha shule, nikakaa nimekumbatia mfuko wa watalii. Shule niliishia darasa la tatu. Kwa hiyo anayetafuta maneno ya kupamba aende kwingine. Nitasema nilivyoona, na wa umri wangu watajua kwamba siongopi.

Mfuko ule umetengenezwa kwa lubugo. Vijana hawaijui. Lubugo ni nguo ya gome la mti, na mti wenyewe ni mtoma, wa jamii ya mkuyu. Babu yangu, mzaa baba, alikuwa fundi wa lubugo kule kwetu Izigo, na nilipopata akili alikuwa amebaki peke yake. Alikuwa na kibanda katikati ya kibanja, yaani shamba letu la migomba, paa bila kuta, na ndani yake gogo refu lililolala, limelainika juu kama goti la mzee. Hapo ndipo alipopigia. Alikuwa na nyundo tatu za mbao, kila moja imechongwa mifereji kuzunguka kichwa chake: ya kwanza mifereji mipana, ya pili ya wastani, ya tatu midogo kama mistari ya kiganja. Gome likiingia chini ya nyundo ya kwanza lina upana wa kifua cha mtoto. Likitoka chini ya ya tatu linatandika kitanda. Hakuna uzi, hakuna sindano, isipokuwa palipotoboka, maana jicho la tawi halipondeki, linaacha tundu la kushonewa kiraka.

Mimi nilijua saa kwa nyundo zile. Ya kwanza ilikuwa nzito, tu, tu, hata sufuria ziliitika jikoni. Ya tatu ilikuwa kama mvua ya mbali. Msichana hakuruhusiwa kuzigusa. Nilizigusa. Babu alinikuta nimeshika ile ndogo akasema, "Iweke chini, kabla mkono wako haujaipenda."

Baba yangu, tuliyemwita Tata, hakutaka hata kusikia. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kwenye ghala la chama cha msingi ndiye aliyefunga magunia ya kahawa. Alikuwa na fundo lake: alizungusha kamba mara mbili, akavuta, akaacha sikio moja limesimama ili gunia libebwe kwa kidole. Ukiona gunia lenye sikio, ujue Tata ameshika hapo. Alivaa suruali kila siku, hata ya viraka, na kibandani kwa Babu hakuingia. Alisimama nje, kwenye jua.

"Waitu mzee," alisema, kwa neno letu la heshima, "watu wanajenga taifa. Wewe bado unapiga magome."

"Na taifa litalala tupu?" Babu alijibu, mkono hausimami. "Endelea na ubalozi wako, Balozi. Mimi sijakuzuia."

Hivyo ndivyo alivyomwita mwanawe, Balozi, tena kwa kulivuta lile neno.

Tulikuwa na mitoma mitatu. Miwili ilisimama upande wa lango, mizee, imevuliwa mara nyingi hata ikajaa makovu. Wa tatu ulikuwa nyuma ya nyumba, mnyoofu, hauna jicho la tawi kuanzia chini mpaka mtu mrefu anapofikisha mkono. Tata alipatamani mahali pake. Alisema kivuli chake kinakula miche minane ya kahawa, na bwana shamba amesema hivyohivyo. Babu aliupiga kofi ule mti kama mtu anayepiga kofi shingo ya ng'ombe wake. "Huu siuzi, sikopeshi. Huu ni wa kwangu. Huu nitaondoka nao." Mimi nilifikiri ana safari. Nikawa najiuliza ataubebaje.

Halafu ikaja ile miaka ya baada ya vita. Nani wa umri wangu hajui? Duka la ushirika lilibaki na mbao zake za kuwekea vitu na mwenye duka amekaa katikati. Sabuni hakuna, chumvi kwa foleni, na nguo ndiyo usiseme. Watoto walivaa magunia yaliyotobolewa mahali pa kichwa. Mama zetu walikwenda kisimani kwa zamu kwa sababu kanga ya kutokea njiani ilikuwa moja kwa nyumba mbili. Hayo yote mtu aliyavumilia. Ila maiti hasubiri foleni.

Watu wakaanza kuja kibandani. Wa kwanza alikuwa jirani yetu tuliyemwita Mzee wa Redio, kwa sababu alikuwa nayo. Huyu alikuwa akipita kibandani akisema kwa sauti kwamba lubugo ni nguo ya nyani. Siku hiyo alisimama kofia mkononi.

"Waitu mzee, nina msiba. Sanda nimekosa mpaka Muleba."

"Unataka nini kwangu?"

"Unajua ninachotaka."

"Mimi natengeneza nguo ya nyani," Babu akasema. "Nani amekufa kwako, nyani?"

Yule mzee akalia. Mtu mwenye redio! Babu akainuka bila neno jingine, akamkunjia lubugo iliyokuwa tayari, na hakuchukua kitu. Baada ya huyo walikuja wengi. Kila aliyekuja alipewa, na kila lubugo ilikwenda ardhini. Mitoma miwili ya langoni ilivuliwa na kuvuliwa hata ikachoka, ikawa inatoa gome la matundu kama chujio la lubisi, pombe yetu ya ndizi. Ule wa nyuma ya nyumba haukuguswa.

Mama yangu alifariki masika yaliyofuata. Alikwenda hospitali kwa machela na kurudi kwa machela, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Sitaandika zaidi ya hapo.

Tata alipanda baiskeli kwenda Bukoba kutafuta sanda. Alirudi kesho yake asubuhi, matope mpaka kiunoni, na karatasi mkononi. Ilikuwa kibali. Kina mhuri, kina sahihi, kinasema apewe kitambaa. Kitambaa chenyewe hakikuwepo. Watu waliokuwa kwenye matanga waliipokezana ile karatasi, kila mmoja akaisoma au akajifanya anasoma, ikamrudia. Akaikunja akaitia mfukoni. Kisha akaenda kibandani, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiingia chini ya paa lile. Alipiga magoti kwenye vumbi la magome.

"Waitu," akasema.

Babu alimtazama. "Mwanangu," akasema. Hakusema Balozi. "Nenda ukakate majani ya mgomba. Yasiyochanika."

Nilimfuata Babu nyuma ya nyumba, hakuna aliyenizuia, wakubwa walikuwa na ya kwao. Mvua ilikuwa imekatika. Alikwangua kwanza ganda la juu, lile gumu la kijivu. Kisha akakata duara chini karibu na mizizi, akapanda kwenye kinu akakata duara juu, akateremsha mstari mmoja ulionyooka kati ya duara na duara. Kisu akakiweka kando. Kutoka hapo alitumia kipande cha shina la mgomba alichokichonga kama ulimi, anakisukuma kati ya gome na mti, polepole, kwa sababu chuma kikigusa ndani kinauumiza. Gome likaachia. Lilitoka zima, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayevuliwa nguo iliyolowa. Na mti ukabaki pale, mweupe, unang'aa, unatoka maji.

Nilipiga kelele.

"Kelele za nini?"

"Umeuua!"

"Haujafa," Babu akasema. "Umevuliwa tu. Utavaa tena."

Akapaka mavi ya ng'ombe mahali palipokwaruzika, akauzungushia majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, akayafunga kwa kamba za mgomba. Fundo lake lilikuwa la kuchomekea, ncha inaingia ndani haionekani. "Sikiliza, mwana wange. Humu ndani unaota ngozi mpya. Usiufunue. Mtu yeyote asiufunue. Jua likiuona kabla haujavaa, basi tena."

Alipiga gome lile siku nzima, matanga yakiendelea. Wanawake waliimba, nyundo ikapiga, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Lakini jua halikutoka, na lubugo bila jua haigeuki nyekundu. Aliikausha kwenye moto ikabaki nyeupe, ya rangi ya kiganja, na bado ina unyevu. Yeye hakuwahi kukaa mkeka mmoja na mke wa mwanawe, kwa heshima ya mtu na mkwewe. Siku hiyo aliileta mpaka mlangoni, akaiweka kizingitini, akageuka.

Nikaona wanamfunga Mama kwenye ngozi ya mti. Nikaona Tata na Shangazi na sisi watoto wote tumefungwa majani ya mgomba vichwani, kama ilivyo desturi kwa wafiwa. Basi mimi nikaelewa. Nilikuwa na miaka minane, na nilielewa kila kitu vibaya, lakini mpaka leo sioni mtoto mwenye akili angeelewaje tofauti. Mama amevalishwa ngozi ya mti. Mti umefungwa majani. Sisi tumefungwa majani. Mti utaota ngozi, na ukishaota, Mama atakuwa amemaliza kuitumia ile aliyoazima.

Nilimuuliza Shangazi tulipokuwa tunamenya ndizi. "Mama tutamwona tena?"

"Tutamwona," akasema, hakuinua macho. Alisema kama mkristo. Mimi nilisikia kama mtoto wa fundi.

Nikaanza kulinda ule mti. Asubuhi kabla ya maji, jioni baada ya kuni. Sikuugusa. Nilichuchumaa nikatazama majani yanavyokauka, kutoka kijani kuwa manjano kuwa kahawia, na lile fundo la Babu lisiloonekana.

Siku ya tano, mchana, nilikuta fundo limebadilika. Lilikuwa nje. Majani yalikuwa yamelegea upande mmoja, na kamba ilikuwa na sikio limesimama.

Jamani, moyo wangu! Nilijua maana yake. Mama ameanza kujifungua kutoka ndani, ameshindwa kumaliza. Nilivuta lile sikio, kamba ikaachia mara moja. Nikayatoa majani, tabaka baada ya tabaka. Mti ulikuwa na utelezi kama samaki aina ya kamongo, baridi, na juu yake palikuwa na kitu kama utando wa maziwa, laini, cha rangi ya kijani hafifu. Niliweka shavu. Nikaita. Niliita kwa sauti ndogo, kisha kubwa. Nilimwambia njia ya kutokea iko wazi sasa. Jua la saa sita lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nami nikafurahi, nikasema litamkausha.

Shangazi akaniita niende kisimani. Nilikwenda. Niliporudi jua limeshuka, na ule utando ulikuwa umekunjamana kama ngozi ya uji uliopoa. Nikarudisha majani nilivyoweza. Nilifunga fundo la kitoto, la kamba ya kiuno.

Babu alikuja kuufungua mwenyewe siku zilipotimia. Nilikuwa nyuma yake na kibuyu cha maji. Majani yaliposhuka, mti ulikuwa mweusi, umepasuka kutoka juu mpaka chini, na siafu wanapanda kwenye nyufa. Babu aliweka kiganja juu yake akakiacha hapo. Kisha akaokota ile kamba, akaitazama, akaitupa.

"Balozi!"

Tata akaja kutoka kwenye kahawa.

"Umepata nafasi ya miche yako minane."

"Waitu, sikuugusa."

"Ulisubiri mkeo apate nguo, ndipo uniue mimi."

"Sikuugusa!"

"Apa. Apa kwa huyo aliyelala pale."

Kaburi la Mama lilikuwa hatua ishirini kutoka hapo, udongo bado mwekundu. Tata alilitazama. Midomo yake ilichezacheza. "Naapa," akasema.

Babu akatema mate chini. Na mimi nilisimama na kibuyu changu. Hakuna aliyeniuliza. Mtoto wa kike haulizwi habari za mitoma. Ningeweza kusema. Nilijua kusema, nilikuwa na mdomo mkubwa kuliko wote pale nyumbani. Nikanyamaza, kwa sababu nilijua sasa nimewaua wawili: mti, na Mama aliyekuwa njiani.

Hawakusemezana tena, baba na mwana. Chakula cha Babu nilikipeleka mimi. Nyundo zilinyamaza. Hakuwa na mti wa kuvua, na nadhani hakuwa na hamu. Kiangazi kilipokaza, wakati ambapo hata mtoma mzima haukubali kuachia gome, Babu akafa. Alikwenda mchana, amekaa kibandani, mgongo kwenye gogo.

Sasa fikiria. Fundi wa sanda za wote ndiye maiti. Dukani hakuna kitu. Kibali, Tata hakukiomba. Wale wote waliopewa walikuja kulia, na kila mmoja alitazama chini, maana walichopewa kilikuwa ardhini na wazazi wao. Tata alitoka nje, akarudi na magunia mawili ya kahawa kutoka ghalani. Aliyapasua akayashona pamoja kwa sindano kubwa ya magunia. Alishona peke yake, hakutaka msaada, machozi yanaingia kwenye gunia. Kwenye magunia yale kulikuwa na maandishi meusi ya chama, na yaliangukia kifuani kwa Babu. Kamba ya miguuni alizungusha mara mbili, akavuta, akaacha sikio.

Niliona. Nasema kweli, niliona sikio lile limesimama, na akili yangu ikapita juu yake kama mtu anayeruka shimo bila kutazama chini.

Baada ya hapo mimi niliacha shule nikaanza kuhangaika. Nilibeba vitambaa kichwani mnada hadi mnada. Leo nina duka. Nauza za harusi, nauza za misiba, na hakuna mtu wa ukoo wangu aliyezikwa vibaya tangu nilipoanza. Watu husema nina kiburi. Ninacho.

Tata nilimleta hapa Nyanga alipozeeka. Alikaa chumba cha mbele, chenye dirisha. Siku moja nilikuwa namlisha uji, nikaona nikichelewa zaidi nitabaki na siri yangu. Nikaweka bakuli chini.

"Tata. Ule mtoma wa Babu niliufunua mimi."

Alimeza. "Lini?"

"Siku ya tano. Mchana."

Alifuta uji kidevuni. Halafu akasema, "Mimi asubuhi."

"Asubuhi gani?"

"Hiyohiyo."

Niliona lile sikio limesimama kwenye kamba, baada ya miaka yote hiyo. "Kumbe ni wewe uliyelegeza fundo."

"Nililifunga tena."

"Ulilifunga kama gunia, Tata."

"Sikujua fundo lingine," akasema. Mkono wake ulikuwa unatafuta kitu juu ya blanketi, nikampa wangu. "Uliufunua kwa nini wewe?"

"Nilikuwa namwita Mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Alikuja?"

"Hakuja."

"Hata kwangu hakuja," Tata akasema, na akageukia dirishani.

Nilimzika kwa sanda ya dukani kwangu, ile nzito, dhiraa nyingi kuliko zinazohitajika. Nani kati yetu aliua ule mti, sijui. Alimwapia baba yake uongo, nami nilisimama hapo na ukweli wangu mdomoni, na mzee akaingia kaburini ndani ya gunia.

Huu mfuko wa mjukuu nimeufumua. Zipu nimetoa, shanga nimempa mtoto wa jirani. Nimeunyoosha mezani nikaupima kwa kiganja, kama ninavyopima vitambaa kila siku. Ni mdogo. Mjukuu amenitazama akauliza, "Sasa Bibi, umeuharibu, utaufanyia nini?"

Nikajiwekea usoni, nikavuta pumzi, nikamwonyesha. Siku yangu ya sanda ikifika, uso unaenea.